Nilimsifu Chura Mara Tatu

Kwa aliyefungia samaki gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, habari yangu kwa kifupi ni hii. Nilikuwa fundi wa kukarabati vito vya kale katika jumba moja la makumbusho hapa Petersburg. Siku moja mpini wa mwavuli wa enzi za wafalme, wenye almasi na rangi ya waridi iliyochomwa motoni, ukatoweka mezani pangu. Sikuuchukua. Nikafukuzwa kama niliyeuchukua.

Watu wote wa vito wakanipa kisogo. Aliyeniamini alikuwa mmoja tu, mke wangu Nonna. Alinitazama mara moja, akasema, "Venya, wewe ni mvivu, ni mlafi, lakini si mwizi," na hakuniuliza tena. Mwanamume anaweza kuishi kwa maneno kama hayo.

Ndipo Murtazali akaniokota. Ni mfanyabiashara wa marumaru, mtu wa milimani Dagestani, kutoka kijiji ambako kila mtoto hukua na nyundo ya mfua fedha mkononi. Nyumbani kwake amejaza vitu vya enzi za wafalme: visanduku, saa, fremu za picha, wanyama wa mawe wenye macho ya vito. Akanipa kazi ya kuvitunza. Akaniita ndugu.

Na mimi nikamlipa kwa kumsifia chura wake.

Ni chura wa jiwe la kijani, anajaa kiganjani, macho yake yakuti nyekundu. Jicho la kushoto ni kitufe cha kengele. Zamani bibi mkubwa alilibonyeza akiwa mezani, mtumishi akaja mbio. Waya ulikatwa siku nyingi, lakini jicho bado linabonyea.

Nilijua, msomaji wangu, na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilijua kwamba kwao mlimani mgeni akisifu kitu, mwenye nyumba humpa. Kwa hiyo nilisifu rangi. Tukanywa chai. Nikasifu macho. Akanitazama. Nikasifu mara ya tatu, hata sikumbuki nini, nadhani magoti. Murtazali akainuka, akamweka chura mikononi mwangu.

"Ni wako, ndugu yangu," akasema. "Umengoja sana."

Maneno hayo ya mwisho sikuyapenda, lakini chura nilimchukua.

Nonna alikuwa akipiga pasi koti langu la sikukuu nilipomweka chura mbele yake.

"Umemtoa wapi huyu?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Murtazali."

"Kwa lipi?"

"Nilimsifu kidogo."

Pasi ikasimama. "Mara ngapi?"

Nikatazama dari. "Tatu."

"Mara moja ni adabu," akasema Nonna. "Mara mbili ni maongezi. Mara tatu ni kuomba, Venya. Watu wakisikia fundi aliyefukuzwa kwa mpini wa mwavuli sasa ana chura wa kifalme kabatini, watasema nini? Na mimi nitawajibu nini?"

"Wajibu kwamba nimepewa."

"Mrudishe kesho. Mimi nilikuamini pale ambapo hakuna aliyekuamini. Usinifanye mjinga." Akanitupia koti. "Na hii mifuko yako imelegea kwa kubebea vikorokoro. Iko wazi kama midomo ya samaki. Siku moja nitaishona."

Hakuishona, na laiti angeishona.

Asubuhi nikambeba chura mpaka kwa Murtazali. Hata mkono hakuunyosha.

"Ana ufa?"

"Hana."

"Jicho limelegea?"

"Mzima kabisa."

"Basi kama chura hana kasoro, mwenye kasoro ni mimi niliyemtoa?"

"Hapana jamani! Mke wangu anaona zawadi hii ni kubwa mno kwetu."

"Mkeo ana adabu." Akacheka, kisha akaacha, akaniita kwa jina langu kamili. "Sikiliza, Veniamin Savelich. Kwetu zawadi hairudi. Anayeirudisha anamwambia mwenzake, mimi kwako nimekuja, lakini wewe kwangu usije. Ndiyo unayoniambia?"

"Hata kidogo!"

"Kwa hiyo wataka nije?"

Ungejibu nini wewe? Nikasema, "Karibu sana. Jumapili, ni Pasaka yetu."

"Nitakuja," akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli.

Nilikuwa katikati ya daraja, barafu ya mto Neva inapasuka chini yangu, nilipoikumbuka shingo ya mama mkwe wangu. Nikashika kingo za daraja kama mlevi.

Mama mkwe, Avgusta Pavlovna, anakaa na sisi, au tuseme sisi tunakaa naye, maana nyumba ni yake. Siku moja tu kwa mwaka, siku ya Pasaka, huvaa mkufu wa bibi yake Ksenia. Huyo Ksenia alizaliwa wafalme wakiwa bado kitini. Kila Pasaka baba yake alimpa yai moja dogo la dhahabu, ukubwa wa punje ya harage, limepambwa kwa vito au kwa rangi ya kuchomwa, alitundike mkufuni. Yako kumi na saba. La mwisho ni jeupe lenye msalaba mwekundu, la miaka ya vita na Kaizari wa Ujerumani.

Baada ya hilo, karibu kabisa na kifungo, kuna kipete kitupu. Fundi alikuwa amekitia mapema kwa ajili ya yai la Pasaka iliyofuata, na kabla Pasaka hiyo haijafika mfalme hakuwepo tena, wala baba mtu hakuwa na la kununua.

Wakati wa vita vya pili, Wajerumani walipolizingira jiji likafa njaa, familia hiyo ilichoma viti vyote ili ipate joto. Mayai yalibaki. Nonna ameyatazama kila Pasaka tangu akiwa mtoto, na humwambia mama yake, "Nikuzike nayo au nibaki nayo?" Mama yake humjibu, "Ubaki nayo, mimi huko sitakuwa na shingo."

Na mtu niliyemsifia chura wake mara tatu anakuja kuketi mbele ya mkufu huo. Mla cha mwenzake na chake huliwa, nami kilichokuwa kinaenda kuliwa hakikuwa hata changu.

Nonna nilimweleza nusu tu: chura amekataliwa, mgeni anakuja. Habari ya shingo sikuitaja. Nikamwendea mama mkwe peke yake.

"Mama, mwaka huu mkufu usiuvae."

"Kwa nini?"

"Wezi wamezidi."

"Wezi watakula mezani kwangu?"

"Kuna mgeni, mama."

"Ndiyo maana nauvaa. Nimvalie nani, paka?"

"Basi jifunike shali. Una kikohozi."

"Sina kikohozi."

"Utakipata."

Nonna alinisaidia bila kujua. Alidhani nahurumia kifua cha mama yake, akamwambia, "Mama, Venya kakujali leo, mara moja katika maisha yake, mkubalie." Mama mkwe akajitanda shali ya sufu mpaka kidevuni. Nikajiona mjanja kweli.

Ujanja wangu haukukumbuka mabomba ya joto. Ya jiji letu hayana swichi. Serikali huyawasha, serikali huyazima, na Aprili ile, jua likiwaka nje, yalikuwa bado yanachemka ukutani. Madirisha niliyaziba mwenyewe tangu Oktoba kwa karatasi na gundi, na hayafunguliwi mpaka Mei. Tulikuwa tumejifungia ndani ya tanuri pamoja na mkate.

Murtazali akaja na kikapu cha aprikoti kavu. Akanyosha mkono. Nikamvuta ndani kwanza, kwa kuwa kwetu mikono haipeanwi juu ya kizingiti, na mkosi mwingine nisingeuweza.

"Kristo amefufuka!" akasema mama mkwe.

"Mimi Mwislamu, mama," akajibu Murtazali, akainama na kumbusu mkono, "lakini furaha yako ni furaha yangu."

Mama mkwe akampenda papo hapo. Akamkalisha mbele yake, akamkatia mkate mtamu wa Pasaka, akamjazia jibini tamu. Tukagonganisha mayai ya kuchemsha, yale ya kutiwa rangi kwa maganda ya vitunguu. La Murtazali likalivunja langu.

"Yai lako bovu, ndugu yangu."

"Ni kama mwenyewe," akasema Nonna, na wote wakacheka. Mimi jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni. Koti sikulivua, kwa heshima ya mgeni.

"Naungua," akasema mama mkwe.

"Vumilia, mama. Kikohozi."

"Kikohozi chako wewe!" Akaivua shali, akaitupa juu ya kiti.

Murtazali akaona. Mjukuu wa mfua fedha, macho yake yakaenda shingoni yenyewe, yakapita yai hadi yai, taratibu, mpaka mwisho. Nikafumba yangu. Nilikuwa nasubiri neno moja tu, na neno hilo lingetunyang'anya mkufu wa vizazi vinne.

"Mkate huu," akasema Murtazali, "nani ameuoka? Mzuri sana."

Nikafumbua macho. Alikuwa ameyageuza macho yake kwenye sahani. Akasifu chai. Akasifu pazia. Nikaelewa: mtu huyu aliijua sheria ya kwao, na alikuwa ameuma ulimi ili asinidhulumu. Ningeweza kumbusu viatu.

Lakini Avgusta Pavlovna ni mwanamke wa Petersburg. Hajaonekana mgeni wa Pasaka aliyeketi mbele yake na kusifu pazia.

"Bwana Murtazali, pazia hilo nililinunua sokoni kwa wauza mabaki. Pazia unaliona, hiki hukioni?"

"Nakiona, mama."

"Na?"

"Na nakula mkate."

"Kila aliyekaa hapo, hata daktari wangu wa meno, alisema neno. Au kwenu milimani dhahabu mnafungia mbuzi?"

"Mama!" akasema Nonna.

Murtazali akaweka kikombe chini. "Mama, usinihukumu. Kwetu mgeni akisifu kitu, mwenye nyumba hana budi kumpa. Nimefunga mdomo kwa kukuheshimu, si kwa dharau."

Nonna akanigeukia polepole. Mama mkwe naye. Kisha wote wawili wakamtazama chura, aliyekuwa juu ya kabati na macho yake mekundu.

"Ulijua?" akaniuliza Nonna.

"Ndugu yangu alimpenda chura, basi," Murtazali akajaribu kunifunika.

"Sikuulizi wewe, kaka. Venya, ulijua?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Akaanza kuokota maganda ya mayai mezani, moja moja, akiyaweka kiganjani. Heri angenizaba kibao. Niliumia kuliko siku ile ya kufukuzwa, maana siku ile nilikuwa na pa kurudi.

"Vizuri," akasema mama mkwe. "Kwa hiyo nyumba ya bibi yangu imekula cha watu, chake inakificha chini ya shali. Sifu, Bwana Murtazali."

"Siwezi, mama."

"Sifu! Au hutainuka kwenye kiti hicho mpaka Pasaka ijayo."

Maskini Murtazali akatazama mlango, akatazama dirisha lililozibwa. Tulikuwa wafungwa wawili sasa. Kisha uso wake ukafunguka. Akainuka, akazunguka meza, akainama nyuma ya shingo ya yule mama.

"Hiki kipete hapa, kisicho na kitu. Kilingoja yai?"

"Kilingoja. Halikuja."

"Mayai ya dhahabu nimeona mengi, mama. Lakini watu waliotunza nafasi ya yai ambalo halikuja, miaka mia yote, sijawaona. Hiki ndicho kizuri kuliko vyote."

Nusura nipige makofi. Alikuwa amesifu kitu kisichokuwa kitu! Nani ataweza kumpa mgeni nafasi tupu?

Machozi yakamtoka mama mkwe, yeye ambaye sijawahi kumwona akilia. "Bibi alikuwa akikishika hicho hicho akisali," akasema. "Hakuna aliyewahi kukisifu." Akajifuta kwa shali. "Venya, lete koleo."

"La nini, mama?"

"Amesifu kipete, kipete ni chake. Kikate."

"Mama, hapana!" tukasema wote watatu kwa pamoja.

"Nimesema."

"Basi uvue mkufu nikatie mezani."

"Bibi hakuuvua kabla jua halijazama siku ya Pasaka. Mama hakuuvua. Mimi nikuvulie wewe, msifia chura? Kata hapa hapa."

Nikaleta koleo la jikoni. Nilimweleza kwamba dhahabu hiyo imesuguliwa na shingo tatu, imekuwa nyembamba kama uzi, haitastahimili. Akasema, "Fundi huyo au mwanasiasa?" Nikasimama nyuma yake, nikainama, nikakishika kipete kwa meno ya koleo. Jasho liliniingia machoni. Nonna alikuwa mbele yangu akitazama mikono yangu, mikono tu.

Koleo likateleza. Kipete hakikukatika. Ulikatika mkufu.

Mayai yakamwagika. Yakaanguka mezani, kwenye chai, sakafuni, na sakafu yetu imeinama kuelekea jikoni, yakabingirika. Tukapiga magoti wote. Murtazali na suti yake akaingia chini ya meza. Moja tukalitoa kwenye jamu. Moja lilikuwa ndani ya kandambili ya mama mkwe. Nonna akayakusanya kwenye kisosi, akayahesabu. Akayahesabu tena.

"Kumi na sita."

Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa ameweka mkono juu ya shingo yake tupu. "Lipi halipo?"

"Jeupe. La msalaba."

Tukasogeza kabati. Tukakung'uta shali. Tukamimina birika. Hakuna.

Mama mkwe akainuka, akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo, akautia kifuani. "Hatoki mtu."

Murtazali hakungoja kuambiwa. Akageuza mifuko yake nje: funguo, leso, tasbihi. "Mimi huyu, mama. Nitazame." Kisha akanitazama mimi, bila ubaya wowote, kwa huzuni tu. Mama mkwe naye akanitazama. Fundi wa mpini wa mwavuli. Aliyesimama nyuma yake na koleo.

Nonna akainuka kutoka sakafuni, magoti yake yana vumbi. Akaja upande wangu. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Najua mnawaza nini," akasema. "Huyu mume wangu ni mvivu, ni mlafi, na leo nimejua ni ombaomba pia. Tutaongea naye hayo baadaye, tena kwa kirefu. Lakini si mwizi. Nilisema walipopoteza mpini wao, na nasema tena leo, mbele ya mgeni, mbele ya mama yangu, siku ya Pasaka. Venya, wageuzie mifuko yako waone, tumalize."

Nilitaka kulia kwa furaha. Baada ya yote yale, bado ananiamini! Nikanyosha mgongo kama askari, nikaingiza mikono yote miwili mifukoni, ile mifuko yangu iliyolegea.

Wa kulia haukuwa na kitu. Nikaugeuza nje, ukaning'inia mtupu.

Wa kushoto, chini kabisa, kwenye kona ya mshono, vidole vyangu vikagusa kitu kidogo, kilaini, ukubwa wa punje ya harage.

"Haya, Venya," akasema Nonna, akinitabasamia. "Toa mkono."